Chole Niliyoikubali

Mwanaidi, mama yangu,

Ukirudi kutoka Msimbu utaikuta barua hii juu ya meza, karibu na kamera. Mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimekwenda msikitini, na baada ya hapo nitajifanya nina shida ya msumari dukani, maana nikikaa hapa nikikutazama unasoma nitaanza kukufafanulia kila sentensi. Unanijua.

Jana asubuhi ulisimama mlangoni na begi dogo la kwenda kumuaga bibi yako, ukaniambia, "Baba, ukisema nisiende, siendi. Na wala sitanuna." Halafu ukaufunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale. Boti inaondoka Nyamisati kesho. Tangu jana natembea na maneno yako kutoka sebuleni hadi jikoni kama mtu aliyebeba chombo asichojua mahali pake.

Sitakuandikia mambo ya chandarua, dawa za tumbo, wala kuchaji simu. Hayo nimekwambia mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nataka kukuandikia habari za lenzi, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo mimi na wewe tumewahi kuzungumza bila kuoneana haya. Lakini lazima nianze na Chole, maana hilo neno limetukalia kooni wiki nzima.

Mwalimu Haji aliponipigia nilikuwa masjala, nimezungukwa na mafaili. Alijitambulisha vizuri, kwa sauti ya kistaarabu. Alisema ana kikundi kinachopiga picha za samaki kwa ajili ya watafiti, kwamba picha zako za perege zimemfikia kwenye simu, na kwamba angependa ukafanye naye kazi, uanze kwa majaribio. "Tupo Chole," alisema. "Najua ni mtoto wa kike, na ni mmoja. Ndiyo maana nikaona nimuombe mzazi kwanza."

"Chole!" nikasema, na moyo ukatulia palepale. "Chole ni nyumbani kabisa, Mwalimu. Dada yangu ameolewa huko. Hata Jumamosi na Jumapili atakuwa anakuja kunisalimia."

Akacheka. "Atakuja kwa kuogelea?"

Na mimi nikacheka. Nilidhani anaitania ile barabara ya Kisarawe ya kwenda kwa dada wakati wa masika, maana mvua ikikaza kweli inakuwa mto. "Atavua viatu," nikamjibu, "akunje suruali apite tu."

"Mashallah," akasema. "Wazazi kama wewe ni wachache."

Jioni ile ulinikumbatia pale pale penye mlango wa jikoni. Ulisema, "Nilijua utakataa, baba. Wallahi nilijua. Nilishajiandaa kulia." Nilifurahi, ingawa sikuelewa kwa nini kwenda kwa shangazi yako Zuhura kuwe jambo la kulia. Nilidhani ndivyo wasichana walivyo. Nikatembea kifua mbele siku kadhaa. Ofisini nilisema, "Binti yangu anaanza kazi," na dereva wetu akaninunulia soda.

Kisha nikampigia Zuhura nimwambie akuandalie chumba.

"Anakuja kufanya nini, kaka?"

"Kupiga picha samaki."

"Samaki gani wa Chole? Huku tuna mihogo na nguruwe pori. Samaki wenyewe tunamsubiri mtu wa pikipiki, na akifika wameshaanza kunuka. Mwulize mwanao vizuri."

Nilikuja kukuuliza ukiwa unachuja tui. "Mama, hiyo Chole yenu ina mabwawa?" Ukanigeukia. "Baba, wewe unasema Chole ya wapi?" Nikasema, ya Kisarawe, kwa shangazi yako, kwani kuna nyingine? Uliliweka chujio chini. Uliniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Chole ya Mafia, baba. Kisiwani." Kisha, polepole: "Kwa hiyo hukukubali. Ulikubali Kisarawe."

Nilitoka nikaenda kukagua koki ya simtanki, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu wiki nzima, mama. Ulinishukuru kwa ujasiri ambao sikuwa nao, ukajaribu kunirudishia nafasi ya kuwa mwoga, na mimi nikakagua koki.

Sasa habari za lenzi.

Unajua kamera ni ya mama yako. Lakini hujui nilivyoiogopa. Salma alikuwa anapiga picha za pasipoti na za harusi pale Maili Moja, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa anawasogelea. Alimfuata bibi harusi mpaka karibu na kope zake. "Usinisogelee hivyo, unaniona chunusi," walimwambia, na yeye alijibu, "Naona uzuri tu, chunusi sina lenzi yake." Watu wakacheka, naye akabonyeza wakiwa wanacheka. Alipofariki niliifunga kamera kwenye kitambaa nikaiweka juu ya kabati, na wewe ulipokua ukaja kuishusha bila kuniuliza. Nilisikia ule mlio wake, kwacha, nikiwa bafuni. Nilisimama na sabuni usoni muda mrefu.

Umewahi kuniuliza kwa nini hatuna picha nzuri ya mama yako. Ipo moja, na niliipiga mimi. Ilikuwa kwenye harusi ya jirani. Yeye alikuwa anakula, kamera kaiacha kwenye kiti, nami nikaichukua. Ningeweza kumwendea nikasema, Salma, hebu nitazame. Niliona watu watanicheka, karani anajifanya mpiga picha. Nikasimama kule kwenye nguzo za turubai, nikaivuta lenzi ndefu mpaka mwisho, nikabonyeza kutoka huko. Ndiyo ile picha ya mwanamke mwenye gauni la bluu na sahani, ambaye uso wake ukiukuza unabaki vidoa. Nimekuwa nikiikuza miaka yote hii, na vidoa havijawahi kuwa uso.

Nakwambia hili kwa sababu ya lenzi ile ya kwanza niliyokununulia.

Ulipopata lile wazo la kupiga picha chini ya maji, nilisoma kila mapumziko ya mchana hadi mwenzangu wa masjala akaniuliza kama nataka kuwa nyangumi. Nilijua mapema kwamba kasha la kuzamia hutengenezwa kwa ajili ya kamera moja tu, kila kitufe na pini yake, na kwamba hata ndugu wa kamera hiyo, aliyetoka mwaka uliofuata, hataingia. Kwa hiyo tulitafuta kasha la kamera ya mama yako, kwa kuwa hukutaka nyingine, na ilituchukua muda mpaka tukalipata Dar kwa yule mzungu aliyekuwa anahama. Wewe ukaliita "nyumba". "Nyumba ya kamera ya mama," ulisema, ukaipapasa vitasa vyake. Toka siku hiyo sijawahi kuiita jina jingine.

Nyumba nilichagua vizuri. Lenzi ndiyo niliyoichagua kwa woga. Nilikununulia lenzi ndefu ya kuvutia vya mbali. Nilikueleza kwamba samaki ni waoga, watakimbia ukiwasogelea, na nilizungumza kwa ufasaha hadi ukaniamini. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyetaka usisogee. Nilikuwa nakuona umesimama salama ukingoni, umeuchovya mkono tu.

Unakumbuka siku ya kwanza kwenye bwawa la bibi yako? Maji yanakufika kifuani, na mimi niko ukingoni nimeshika kamba niliyokufunga kiunoni. Bibi yako alitoka na ungo wa pumba, akasimama, akatutazama wote wawili.

"Wewe Athumani," aliniambia, "mtoto unamfunga kamba kama mbuzi? Kwani unaogopa atakula mahindi ya watu?"

"Mama, maji hayo yana kina."

"Bwawa nimelichimba mimi na wanawake wenzangu, nawe unanieleza kina! Somo yangu, hebu toka humo, unawatisha samaki wangu hawatataga. Na huyo mwenye kamba mwambie aje amwage pumba, afanye kazi ya maana."

Ulicheka hadi ukameza maji, na mimi nikaivuta kamba, na hapo ndipo nusura uzame kweli.

Picha za siku ile zilikuwa ukungu wa kijani kibichi. Hakuna samaki hata mmoja mwenye jicho. Nilisema ni matope. Ulizitazama moja moja, kisha ukaniambia, bila kunilaumu, "Baba, tatizo ni umbali. Maji yamekaa katikati." Nami nilikuwa nimeshayasoma hayo yote. Nilijua kwamba maji hunywa rangi, nyekundu kwanza, na kwamba kila hatua unayomwachia samaki, maji yanaijaza kwa uchafu wake. Nilijua kwamba wazamiaji wenye uzoefu hutumia lenzi pana, inayomeza dunia nzima, ili waweze kumfikia samaki karibu kabisa na bado aenee kwenye picha. Nilijua, nikanunua kinyume chake. Kusoma hakujawahi kuniondolea woga, mama. Kunaupa woga wangu maneno mazuri tu.

Tulipopata lenzi pana na lile kuba lake la kioo linalofungwa mbele ya nyumba, ulinifundisha wewe. Nilikuwa nadhani kuba ni mtindo. Ukanionyesha kwenye ndoo kwamba nyuma ya kuba lenzi haimwoni samaki pale alipo. Inaona taswira yake imekuja kukaa mbele ya kioo, jirani kabisa. Lenzi isiyoweza kuona vya karibu haina kazi hapo hata iwe ya gharama vipi. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya ndoo, najibu "ehe, ehe" kama mwanafunzi. Nilikuwa namfikiria mama yako na yule bibi harusi na kope zake.

Perege aliyezunguka kwenye simu za watu ulimpiga kwa hiyo lenzi pana, ukiwa umekaa ndani ya maji kimya mpaka samaki wakakuzoea. Kwenye picha ile nyuma yake, juu, kupitia maji, anaonekana mtu amesimama ukingoni, amepinda kama moshi. Watu wengi hawamwoni. Ni mimi. Wakati huo kamba sikuwa nayo, bibi yako alishaifungia mbuzi kweli.

Lenzi ndogo, ile ya makro ya kupigia vidogo sana, sina la kukufundisha. Wewe ndiye uliyeona kwamba ukiitumia lazima uondoe kuba, uweke kioo bapa, na kwamba ukishazama umezama, huwezi kubadilisha njiani. Huko uendako najua hilo litakusumbua kuliko bwawani. Utashuka na lenzi ya konokono wa baharini, halafu apite papa mkubwa mwenye madoadoa, yule wanayemsifia Mafia, na utakachokuwa nacho ni cha kumpigia pezi lake moja. Nimekuwa nikiwaza ningekwambia nini hapo. Labda umtazame tu. Mimi ningeshuka na lenzi isiyofaa, nikaomboleza nayo mpaka hewa iishe kwenye mtungi, bila hata kumtazama konokono.

Na kuna raba.

Naicheka mpaka leo, ingawa siku ile sikucheka. Ile raba ya duara inayoziba nyumba ilikuwa inaonekana kavu, na kwetu sisi kila kikavu dawa yake ni moja. Magoti, midomo, viatu, bawaba za mlango. Nikachukua mafuta ya mgando yako ya kujipaka nikaipaka raba vizuri, nikajisifu. Asubuhi ilikuwa imevimba kama kidole chenye uchungu, haikai kwenye mfereji wake. Bahati tulikuwa na ile kawaida ya kuizamisha nyumba kwanza ikiwa tupu, na karatasi ya chooni ndani, kwenye pipa. Ulipoitoa ile karatasi ilikuwa uji. Ulisema, "Baba, umeiua raba kwa mapenzi." Ukaenda kuisimulia hiyo kwa bibi yako, naye akasema, "Afadhali raba. Mimi mwenzio alinipaka hayo hayo kwenye jicho."

Ndiyo tukaanza kuifunga nyumba tukiwa wawili. Wewe unafunga, mimi naangalia. Unaifuta raba kwa kidole, unatafuta unywele, uzi wa kanga, chembe ya mchanga. Unapaka yale mafuta yake maalumu, kidogo tu, ing'ae. Unabana vitasa. Halafu nauliza, "Nyumba imefungwa?" Nawe unajibu, "Imefungwa, baba." Kila mara. Hata siku zile tulizokuwa tumekosana na hatusemezani, hayo mawili tulisema.

Wiki hii nzima nimekuwa nikidhani ninachokiogopa ni bahari. Nimewaza mikondo, mitungi ya hewa, boti kuzimika injini. Lakini leo mchana nilipika wali, na nilipoinua kifuniko nikaona nimepika wa watu wawili. Nikakaa hapo jikoni. Nikagundua kwamba ninachokiona nikifumba macho si wewe ndani ya maji. Ni mimi, hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege, jioni, redio inaongea peke yake, na hakuna wa kumwuliza kama nyumba imefungwa. Bahari nimeisingizia.

Nikampigia bibi yako. Najua ulikuwa uani unakosha vyombo, alinong'ona usisikie. Nilimwambia, mama, nilikubali kwa makosa, nilidhani ni Chole yetu. Nilitegemea ataniambia basi mkataze, mtoto wa kike peke yake kisiwani.

Akasema, "Wewe ulipoletewa barua ya kwenda Tabora kusoma ukarani, uliniuliza kama nakubali. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilisema nini?"

"Ulisema niende."

"Sasa Tabora niliyoikubali mimi ilikuwa mbele ya Morogoro kidogo. Nilijua utakuwa unakuja Ijumaa kula. Nikakaa nakungoja Ijumaa ya kwanza, nimechemsha na mihogo. Baba yako ndiye akanieleza ni treni, unalala njiani."

"Hukuwahi kuniambia, mama."

"Ningekwambia ungerudi. Wewe ulivyo." Nikamsikia anavuta kamasi, sijui ni baridi au ni nini. "Ile mihogo tuliila. Haya, kata simu, mke mwenzangu anakuja, atajua tunamsengenya."

Nimekaa na hiyo mihogo tangu adhuhuri. Wakati huo mimi nilikuwa Tabora, nimejifunika blanketi bwenini, naamini kuwa mama yangu alinitoa nyumbani bila hata kufikiri mara mbili. Miaka yote nilimwona ni mtu wa moyo mgumu, na mimi ndiye niliyezaliwa na moyo laini. Kumbe aliogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba woga wake hakunipa niubebe.

Mimi nimekubebesha wiki nzima. Umekunja nguo na kuzikunjua. Nimekuona.

Kwa hiyo hili ndilo jibu lako, nami naliandika polepole ili lisisomeke vibaya.

Nyumba ya kamera iko mezani. Nimeiosha, nimeikausha, lakini sikuifunga. Raba iko pembeni juu ya kitambaa cheupe, na kuba liko ndani ya soksi yangu ya sufu lisikwaruzike. Mkono wangu umeifuata ile raba mara nyingi leo, nikaurudisha. Sijaikagua. Kama kuna unywele, utauona wewe. Huko utafunga na mtu mwingine, au utafunga peke yako, na utajijibu mwenyewe, na naamini utajibu kweli. Siku ya kwanza usishuke na kamera ndani. Ishushe nyumba tupu, na karatasi. Hilo tu ndilo agizo, lipokee kama agizo la fundi mwenzako.

Kesho nitakusindikiza hadi Nyamisati. Nimeomba ruhusa kazini. Nilipoulizwa sababu nikasema naenda kuiona bahari, wakacheka. Nitasimama karibu na boti, sitasimama kwenye nguzo. Na ile kamera nitakuomba kidogo kabla hujaifungia, uvumilie, nitakusogelea sana. Utaona chunusi zangu nami nitaziona zako.

Mwalimu Haji nimeshampigia tena, kabla ya kuanza kuandika. Nilimweleza yote, hadi habari za kukunja suruali. Alicheka mpaka akaniomba radhi. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Sasa mzee mwenzangu, tufuate neno lipi?"

Nikamwambia lilelile. Nimekubali. Safari hii najua ni Chole ipi.

Baba yako,
Athumani